Kibanzi Ndani ya Darubini

Katika kambi moja ya askari wa wanyamapori, upande wa mashariki wa Tsavo, yupo mzee ambaye kwa miaka mingi ametunza bunduki asizozifyatua. Kazi yake ni ghala. Bunduki irudipo kutoka doria yeye huipokea, huhakikisha kwamba chemba ni tupu, huifuta ule udongo mwekundu ambao wakazi wa Voi wanaujua kwa namna unavyokataa kutoka nguoni, huitia mafuta, kisha huandika daftarini. Askari vijana humwogopa kidogo. Hawamwogopi kwa ukali, maana hana. Humwogopa kwa kuwa haliamini neno la mtu yeyote kuhusu hali ya silaha mpaka aione mwenyewe. Aliyemfundisha ufundi huo alikuwa mchukuzi wa bunduki za watalii wawindaji kabla ya uwindaji kupigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na inasemekana yeye alikuwa mgumu zaidi.

Miongoni mwa silaha zilizomo ghalani ipo moja isiyokusudiwa kuua. Ni bunduki ya sindano, ile itumiwayo na daktari wa wanyamapori kumlaza mnyama ili atibiwe. Juu yake imefungwa darubini ya shabaha yenye uwezo wa kukuza kitu kutoka mara 2 hadi mara 7. Ndani ya darubini hiyo ndimo mzee alimokiona kibanzi, asubuhi moja alipoielekeza kwenye anga jeupe, kama ilivyo ada yake kabla ya kuitoa.

Neno hilo ni lake. Msaidizi wa daktari, kijana aliyetoka chuoni si miaka mingi, alisema ni uchafu. Dereva akasema ni doa. Mzee akasema ni kibanzi, na tofauti ya maneno haya si ya kupuuzwa. Doa hukaa juu ya kitu na huenda likafutika. Uchafu ni jina la jumla lisilotueleza lolote. Kibanzi ni kipande kilichobanduka kutoka kwenye kitu kizima, hivyo anayekiona hulazimika kuuliza kilibanduka wapi.

Swali hilo lina majibu kadhaa. Ndani ya bomba la darubini mna rangi nyeusi iliyopakwa ili kuzuia mng'ao. Rangi hiyo huweza kuchanika vigamba. Mna skrubu zilizochongwa kwa mashine, na unga wa chuma uliosalia katika nyuzi zake. Mna grisi, ambayo ikizeeka hukauka na kumeguka. Mna utando mwembamba uliopakwa juu ya lenzi. Aghalabu chembe hizi huwamo tangu kiwandani, zimejibana pembeni ambako hakuna jicho linalofika, mpaka siku mtikisiko unapozitoa mafichoni. Kwa bunduki kubwa za risasi mtikisiko huo ni teke la bunduki yenyewe begani mwa mpigaji. Bunduki ya sindano haina teke la kutajika, lakini ilikuwa imesafiri miaka kadhaa nyuma ya gari, juu ya barabara za changarawe zilizojaa makunyanzi, na barabara hizo hazikosi kulilegeza lolote linaloweza kulegea.

Hata hivyo, si kila kibanzi huonekana. Hapa ndipo penye maajabu ya chombo hiki, na inafaa kukawia kidogo. Nzi akitua juu ya lenzi ya mbele ya darubini, anayechungulia hatamwona nzi. Ataona, labda, kwamba nuru imepungua kidogo. Alama ya kidole, hata mkwaruzo, vikiwa pale mbele hupita bila kutambuliwa. Lenzi ya mbele huikusanya nuru ya mbali na kuchora taswira ndogo, iliyopinduka, ndani ya bomba. Lenzi za katikati huipindua tena taswira hiyo ikasimama wima, ikachorwa mara ya pili karibu na upande wa jicho. Mahali hapo pawili ndipo penye bapa za fokasi. Chochote kilichoko kwenye bapa mojawapo jicho hukiona kwa udhahiri uleule linaomwonea mnyama aliye mbali. Nyuzi za msalaba wa shabaha hutiwa hapo kwa makusudi. Kibanzi nacho kikitua hapo, hata kikiwa kidogo kuliko ncha ya sindano ya kushonea, jicho halina njia ya kujua kwamba nyuzi ziliwekwa na kibanzi kilijiweka.

Wasomaji wa Injili ya Mathayo wanakijua kibanzi na boriti katika sura ya saba. Darubini inaugeuza mfano ule kwa namna ambayo mwenye kuutoa hakuihitaji: ufito uliokatiza mbele ya lenzi ya kwanza hauonekani kama ufito, ilhali punje iliyokaa mahali pake hasa hugeuka jabali. Na aliyewahi kusoma miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu hatahitaji darubini ili aelewe. Tone la wino lililodondoka pambizoni mwa karatasi halimsumbui mtu. Tone hilohilo likidondokea juu ya herufi ra, msomaji ataisoma za. Likidondokea juu ya aini, ataisoma ghaini. Na huenda mizani ya mshororo isimwonye. Kosa la tone hilo limo katika mahali lilipodondokea, maana limekaa katika bapa moja na maandishi.

Mzee hakuwa na nadharia hizi, lakini alikuwa na mikono. Alifunga darubini kwenye jiliwa lililovikwa kitambaa, akaielekeza angani, mbali na jua, akaanza kuigeuza sehemu moja baada ya nyingine. Kwanza lenzi ya jichoni: aliizungusha, kibanzi kisizunguke nayo. Basi hakimo huko. Kisha akaizungusha pete ya kukuzia kutoka 2 hadi 7. Miti ya mbali ilikua, kibanzi kikabaki na kimo chake, sawa na nyuzi za msalaba zilivyobaki. Mwisho akachezea fokasi ya jicho: nyuzi zilipofifia, kibanzi kilififia, zilipokuwa wazi, kilikuwa wazi. Hapo akajua. Kilikuwa kimekaa juu ya kile kioo chembamba chenyewe kilichochorwa msalaba, kushoto kwa kitovu, chini kidogo.

Darubini za zamani, zile alizozikuta mikononi mwa mwalimu wake, zilikuwa na nyuzi halisi zilizowambwa katika pete tupu. Hazikuwa na kioo katika bapa ile, kwa hiyo vumbi halikuwa na mahali pa kutua ila juu ya uzi wenyewe. Kioo cha kuchora msalaba kimeleta manufaa mengi, hususan vipimo vinavyoweza kuandikwa juu yake, lakini kimetandika pia mkeka kwa ajili ya kila punje inayopita. Mzee alilisema hili bila malalamiko.

Kijana alikuwa ameleta bisibisi ndogo ya fundi saa.

"Mzee, tuifungue tu. Ni skrubu tatu na pete moja. Nipulize, nifunge."

"Unajua kilichomo ndani?"

"Kibanzi."

"Na kingine?"

Kijana akanyamaza.

"Hewa isiyokuwa yetu," akasema mzee, akaipokea bisibisi na kuitia mfukoni mwake.

Jibu hilo lilikuwa sahihi kuliko lilivyosikika. Darubini za bunduki za kisasa hutolewa hewa ya kawaida kiwandani na kujazwa naitrojeni kavu, au wakati mwingine agoni, kisha zikazibwa kwa pete za mpira. Hewa ya kawaida ina mvuke, na mvuke ukikutana na kioo kilichopoa hugeuka ukungu. Kabla ya ufumbuzi huo wawindaji wa nchi za baridi walizoea kuinua bunduki na kukuta upofu. Kampuni ya Leupold ya jimbo la Oregon, Marekani, ilitoa darubini yake ya kwanza isiyoingia ukungu mwaka 1947, na baadaye watengenezaji wengine wakafuata. Hivyo basi anayefungua bomba kwa ajili ya punje moja huitoa naitrojeni yote na kuiruhusu Tsavo iingie: vumbi lake, unyevu wake wa alfajiri, na mvua zake za Novemba. Aidha, kila skrubu inayofunguliwa huzaa unga mpya wa chuma. Waliojaribu huishia na vibanzi vitatu badala ya kimoja.

Mzee hakuwa anakisia. Miaka kadhaa nyuma, katika kambi nyingine, ofisa mmoja alichukizwa na kitu kama unywele ndani ya darubini ya bunduki kama hii. Akaifungua juu ya meza ya kulia chakula. Unywele ulitoka, naye akasifiwa. Wiki ya tatu, baada ya usiku wa mvua, ikaja habari ya ndovu jike aliyenaswa mkonga na kitanzi cha waya. Daktari wa siku hizo alimfikia kukipambazuka, akainua bunduki, akaona weupe. Alisubiri. Alifuta lenzi kwa shati, nje, ilhali ukungu ulikuwa ndani. Ndovu alipoanza kugeuka, daktari alifyatua kwa kukadiria, sindano ikagonga mfupa wa nyonga na kuanguka. Kundi zima likakimbilia vichakani. Ndege wala mizoga ndio walioonyesha mahali alipo, siku nyingi baadaye. Mkonga ulikuwa umekatika karibu nusu. Hakuweza kunywa maji. Katika daftari la ghala la kambi ile, sahihi ya kuitoa bunduki siku hiyo ni ya mzee huyu. Aliulizwa na wakubwa kama bunduki ilikuwa nzima ilipotoka, akajibu kuwa mtutu ulikuwa safi. Tangu hapo ndipo alipoanza ada ya kuzielekeza darubini angani.

Kuna kinaya katika historia ya chombo hiki ambacho mzee angekifurahia. Yapata mwaka 1640, huko Middleton karibu na Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kijana mmoja aitwaye William Gascoigne alikuwa akifanya majaribio ya darubini ya kutazamia nyota. Ilikuwa darubini ya mpango uliopendekezwa na Kepler, yenye lenzi mbili mbinuko, ambayo taswira yake huchorwa ndani ya bomba. Buibui alikuwa ameingia na kutanda uzi. Kati ya mahali pote alipoweza kuutanda, uzi mmoja ulipita palepale penye fokasi. Gascoigne alipochungulia aliona mbali ya mbinguni na uzi wa buibui kwa pamoja, vyote viwili wazi, kana kwamba buibui alitanda baina ya nyota.

Mtu mwingine angechukua kitambaa. Gascoigne alitafakari, akatambua kwamba kitu chochote kikiwekwa kwa hiari mahali uzi ule ulipojiweka kwa bahati, mtazamaji atapata alama isiyohama ya kulengea. Katika barua kwa mwanahisabati William Oughtred, alilihesabu tukio hilo kuwa mpango wa Mwenyezi Mungu aliyemtuma buibui. Akatia nyuzi zake mwenyewe, akafunga darubini yenye nyuzi kwenye chombo cha kupimia pembe za nyota, kisha akatengeneza kifaa chenye skrubu kilichoweza kupima upana wa sayari ndani ya taswira. Alikuwa na wenzake waliomwelewa: William Crabtree, aliyeandikiana naye barua, na rafiki wa Crabtree, Jeremiah Horrocks. Hao wawili ndio watu wa kwanza wanaojulikana kuishuhudia sayari ya Zuhura ikikatiza mbele ya jua, mwaka 1639. Horrocks alifariki mwaka 1641 akiwa hajatimiza miaka ishirini na mitano. Gascoigne aliuawa katika vita vya Marston Moor tarehe 2 Julai 1644, akipigana upande wa mfalme. Uvumbuzi wake ulilala. Ilipofika mwaka 1667, Mfaransa Adrien Auzout alipokuwa ameshatangaza kifaa cha namna hiyo, ndipo Richard Towneley alipowaarifu wanachuoni wa Royal Society kwamba kulikuwa na Mwingereza aliyetangulia.

Kwa hiyo msalaba wa shabaha wenyewe, ambao leo kibanzi huhesabiwa kuuharibu, ulianza kama takataka ndani ya darubini. Na baadaye, kwa muda mrefu, ulikuwa wa buibui: mafundi wa vyombo vya elimunyota na vya upimaji ardhi walitumia uzi wa buibui kwa kuwa ni mwembamba, ni imara, na unene wake haubadiliki. Hata katika Vita Vikuu vya Pili, nchini Marekani, walifugwa buibui kwa ajili ya nyuzi za vyombo vya kulengea. Ni vigumu kuisoma habari hii bila kuwaza juu ya maneno yaliyoingia katika lugha kwa kosa la mnakili au ulimi wa mgeni, yakakaa mahali penye fokasi, na leo hutumika kusahihishia makosa ya wengine. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine, na ghalani hapakuwa na nafasi ya mada.

Maana redio ilikuwa imelia tangu alfajiri. Ndovu dume, kitanzi cha waya mguu wa mbele wa kulia, jeraha limetoa harufu. Darubini ya akiba haikuwapo. Kuipeleka hii kwa mtengenezaji, ng'ambo, kungechukua miezi. Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alifika na kuuliza swali moja tu.

"Mzee, inapiga inapolenga?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Kibanzi juu ya kioo cha msalaba huudhi jicho, lakini hakiisogezi shabaha hata kidogo, isipokuwa kama kilibanduka kwenye kitu kilichokuwa kikishikilia lenzi. Mzee hakujibu. Walitundika boksi la karatasi kwenye mti, hatua thelathini, na daktari akapiga sindano tupu tatu. Zote zikakaa ndani ya mviringo wa kisahani cha chai. Akatikisa bunduki kwa nguvu, akapiga mbili nyingine. Zikaungana na wenzake. Basi hakuna kilicholegea. Ni gamba la rangi tu, au unga, uliokosa mahali pa kwenda.

Kisha mzee akafungua daftari, akachora duara, akachora msalaba ndani yake, na upande wa kushoto, chini kidogo, akatia nukta. Akampa daktari akitazame kibanzi kwa muda mrefu, kwanza angani, kisha juu ya kichaka, kisha juu ya udongo.

"Kizoee, Daktari. Kwenye anga ni cheusi. Kwenye kichaka kitakupotea, halafu kitajitokeza ghafla."

Wasomi hufundishwa kwamba msomaji aziweke kando dhana zake kabla ya kuikabili kazi ya fasihi. Ushauri wa mzee una haki zaidi: kama kibanzi hakiwezi kutolewa kabla ya safari, kichorwe ramani.

Walimkuta dume kando ya mto mkavu, chini ya migunga, akiwa ameuinua mguu. Daktari aliteremka na kusogea upande wa chini ya upepo mpaka hatua arobaini hivi. Dawa inayotumika kwa kazi hii, etofini, ni kali kiasi kwamba miligramu chache humlaza ndovu, na tone moja likimwingia binadamu huweza kumuua. Kwa hiyo msaidizi alisimama nyuma yake akiwa na dawa ya kinga mkononi, bila kupumua sana. Daktari alilenga paja. Akashusha bunduki. Akalenga tena, akasogeza mtutu kidogo kushoto, kidogo kulia. Ndipo akafyatua.

Dume alipiga kelele, akaenda mbio fupi ya viguu vitatu, akapunguza mwendo, akayumba. Baada ya dakika kama nane akaketi, na watu wakamsukuma alale ubavu, kwani ndovu akilalia kifua pumzi humwishia. Waliushikilia mkonga njia ya hewa isizibe, wakamwagia sikio maji, wakaukata waya kwa koleo. Ulikuwa umezama mpaka haukuonekana, na ilibidi utafutwe kwa vidole. Waliosha jeraha, wakatia dawa. Sindano ya kuzindua ilipigwa kwenye mshipa wa nyuma ya sikio, na kabla dakika tatu hazijaisha dume alikuwa amesimama, akinusa mahali alipokuwa amelala.

Ndani ya gari kijana hakuvumilia.

"Daktari, ulikiona?"

"Mara mbili. Mara ya pili nilidhani ni inzi kwenye ngozi yake."

"Ukajuaje si inzi?"

"Nilisogeza bunduki. Akanifuata."

Wiki iliyofuata mzee aliiondoa darubini, akaacha bunduki na vilengeo vyake vya chuma. Alipuliza lenzi za nje kwa kipira cha hewa, akapitisha brashi laini, halafu kitambaa chenye dawa. Hakupangusa pakavu, kwa kuwa punje za Tsavo ni mchanga na mchanga hukwaruza. Akaifunga katika sponji, ndani ya boksi. Karatasi ya mtengenezaji ilikuwa na mstari mmoja wa kueleza sababu ya kurudisha chombo, nao ulipaswa kujazwa kwa Kiingereza. Kijana aliujaza. Mzee alipokea karatasi, akaisoma polepole, kisha chini ya mwandiko wa kijana akachora duara, msalaba na nukta, na pembeni akaandika kwa Kiswahili: kibanzi, kushoto, chini kidogo, haijafunguliwa.